Amri ya Rais inavyoweza kuangusha bei ya mafuta

WAFANYABIASHARA wanaonunua mafuta leo kwa matumaini ya kuyauza ghali kesho wana sababu ya kuifahamu sheria moja ya Marekani. Sheria ya Sera na Hifadhi ya Nishati, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford Desemba 1975, inampa rais mamlaka ya kuuza akiba ya taifa ya mafuta ghafi pale ugavi unapovurugika vibaya.

Sheria hiyo ilitokana na machungu ya mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipoinyima Marekani mafuta. Akiba yenyewe imefichwa kwenye mapango ya chumvi, chini ya ardhi ya pwani ya Texas na Louisiana.

Rais hafungulii mafuta hayo kwa kupenda tu. Lazima aridhike kwamba ugavi umepungua sana na kwa muda, kwamba bei imepanda mno kwa sababu hiyo, na kwamba uchumi wa taifa utaumia. Lakini mwenye kupima ni yeye mwenyewe, na hapo ndipo penye hatari kwa mlanguzi.

Januari 1991, vita vya Ghuba vilipoanza, Rais George Bush aliamuru akiba iuzwe. Tarehe 17, bei ya New York iliporomoka kwa zaidi ya dola 10 kwa pipa, karibu theluthi nzima, ikafungia dola 21.44. Kweli, habari za ushindi wa ndege za kivita zilichangia sana. Hata hivyo, hakuna pipa la akiba lililokuwa limemfikia mnunuzi siku hiyo, na hatimaye yaliuzwa mapipa milioni 17.3 tu kati ya milioni 33.75 yaliyotangazwa. Aliyekuwa na shehena ya bei ya juzi alibaki nayo.

Dawa hiyo haiponyi kila mara. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Rais Joe Biden alitangaza mapipa milioni moja kwa siku kwa miezi sita. Juni pipa lilikuwa bado juu ya dola 100, na Tanzania ililazimika kutoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kupunguza makali vituoni.

Akiba ya Marekani ikashuka chini ya mapipa milioni 350 katikati ya mwaka 2023, kiwango cha chini kabisa tangu 1983. Mwaka huohuo serikali hiyo ilianza kununua upya, safari hii ikishindana sokoni na waagizaji wengine.