Neno Hujulikana kwa Majirani Zake

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mengi ambayo sura yake ni moja na maana zake ni mbalimbali. Litazameni neno “kaa” katika sentensi hii: “Kaa mbali na kaa lile lisikuunguze, na kaa yule asikubane.” La kwanza ni amri, la pili ni la moto, la tatu ni mnyama wa pwani. Ni viambishi “li” na “a” vilivyotupambanulia. Vivyo hivyo, paa la nyumba huvuja, bali paa wa porini hukimbia.

Wenyeji wa Mombasa huwatamka paa huyo na kaa yule wa pwani kwa pumzi nyingi, hata sikio likatofautisha mara moja. Lakini tahajia sanifu haiandiki pumzi hiyo. Kwa hiyo mwandishi hana budi kushika upatanisho wa maneno, maana msomaji wa barua haisikii sauti yake.

Yako maneno ambayo upatanisho hauyasaidii. “Juma alipanda mnazi.” Je, alitia mche ardhini, au alikwea kuangua nazi? Mwandishi mwangalifu ataongeza neno: “Alipanda mche wa mnazi,” au “Alipanda juu ya mnazi.”

Hilo ni dogo. Neno “azima” laweza kuleta kesi, kwa kuwa maana yake ni kutoa kitu kitumiwe kisha kirudishwe, na pia ni kukipokea. Mkulima akiandika, “Niliazima plau mwezi wa Machi,” nani ajuaye mwenye plau? Aandike, “Nilimwazima jirani plau yangu,” au, “Niliazima plau kutoka kwa jirani, nami nitairudisha.” Maneno machache zaidi huokoa ujirani.

Kuna tena maneno yanayokaribiana kwa sauti. Wengi wetu wa bara huchanganya “r” na “l”, kwa kuwa lugha za nyumbani hazizipambanui. Baba akiandika, “Tumekubaliana mahali,” wakwe watangoja kuambiwa ni wapi, kumbe alikusudia mahari! Na “fahari” ni utukufu, lakini “fahali” ni dume la ng’ombe.

Zaidi ya yote, tuangalie “thamani” na “dhamana”. Thamani ya shamba ni kadiri ya bei yake. Lakini shamba likiwa dhamana ya deni, mwenyewe asipolipa laweza kumtoka. Atiaye sahihi bila kupambanua maneno haya mawili huweka urithi wa watoto wake hatarini.

Basi, kabla ya kuifunga barua, tuisome kana kwamba tumeipokea kutoka kwa mgeni. Penye neno lenye maana mbili, tulipe jirani wa kulifafanua.