Kifafa Kisichosikia Dawa: Je, Mtoto Aletwe Guangzhou Kupasuliwa?

Ukipita Guangyuan Xilu, karibu na stesheni ya reli ya Guangzhou, utasikia Kiswahili kikichanganyika na Kilingala, Kihausa na Kichina cha kupatana bei. Mchana ni nguo za jumla, viatu, marobota na hesabu za kontena. Jioni maduka yakifungwa, zinaanza simu za nyumbani. Habari moja huzifikia familia zetu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri: mtoto ameanguka tena, dawa hazimsaidii, je, huko China hawapasui?

Swali hilo linastahili jibu la kweli. Upasuaji wa kifafa upo, hapa Guangzhou na hata karibu zaidi na nyumbani. Lakini haumfai kila mgonjwa, na familia inayokimbilia tiketi ya ndege kabla ya vipimo inaweza kumaliza akiba yake bila kumsaidia mtoto.

Ugonjwa wa ubongo, si wa majini

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu hupoteza fahamu, hukakamaa, hutetemeka, au hubaki ameduwaa tu kwa sekunde kadhaa. Hali hiyo ikijirudia bila sababu ya papo hapo, ndiyo kifafa. Kwetu Afrika Mashariki chanzo mara nyingi ni matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, majeraha ya ajali, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo.

Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala mate. Hata hivyo, wako watu waliounguzwa na moto wa jikoni kwa sababu waliowazunguka waliogopa kuwagusa. Wachina nao wana mzigo kama huo: jina moja la mtaani la ugonjwa huu linautaja pamoja na wazimu na kondoo. Hong Kong ilibadilisha jina rasmi la Kichina mwaka 2010 ili kupunguza aibu hiyo.

Dawa kwanza

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kwa hiyo kwa wengi tatizo ni dawa isiyopatikana, isiyotosha, au inayokatizwa.

China yenyewe ilianzia hapo. Kuanzia mwaka 2000, katika mpango ulioshirikisha Shirika la Afya Duniani, madaktari wa vijijini walifundishwa kutambua kifafa na kutoa fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Wagonjwa 2,455 waliandikishwa, na wengi wa waliomaliza mwaka mmoja wa dawa walipungukiwa na kuanguka kwa nusu au zaidi.

Ndipo swali la kwanza kwa jamaa walioko nyumbani linapaswa kuwa hili: mtoto amejaribu dawa zipi, kwa kipimo gani, na je, alizimeza kila siku? Madaktari husema kifafa kimekataa dawa pale tu dawa mbili zinazofaa, zilizotumiwa sawasawa, zinaposhindwa kukizuia. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hufikia hapo. Hao ndio wa kupimwa kwa ajili ya upasuaji.

Upasuaji hufanya nini?

Kwa baadhi ya wagonjwa, vurugu ya umeme huanzia mahali pamoja. Mara nyingi ni kwenye sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, penye kovu la zamani, pengine lililoachwa na degedege refu la utotoni. Daktari akipajua mahali hapo kwa uhakika, na kama si mahali panapoendesha usemi au mkono, anaweza kupaondoa.

Mwaka 2001 madaktari wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 80 wa aina hiyo. Nusu walipangiwa upasuaji na nusu waliendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa na shambulio la kuwapotezea fahamu. Katika kundi la dawa peke yake walikuwa asilimia 8.

Hatari zipo: maambukizi, kutokwa damu, kupungua kwa kumbukumbu au kwa upana wa kuona. Tena dawa haziachwi siku ya kutoka wodini. Huendelea kwa muda mrefu, na ni daktari anayezipunguza.

Wasio na vingi walifanyaje?

Hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zina mashine nyingi, na wakati mwingine huweka waya ndani ya ubongo wenyewe kutafuta chanzo. Mwaka 1995, Taasisi ya Sree Chitra Tirunal mjini Trivandrum, India, ilianza upasuaji wa kifafa chini ya Dakta Kurupath Radhakrishnan kwa njia nyingine. Walichagua wagonjwa ambao picha ya MRI, rekodi ya EEG na sura ya shambulio lenyewe vyote vilionyesha mahali pamoja. Waliohitaji vipimo vya gharama kubwa waliachwa kwanza.

Afrika Mashariki nako kazi imefanyika. Nairobi, Dakta Renato Ruberti na wenzake waliandika kuhusu upasuaji wa kifafa kwa Wakenya katika miaka ya 1990. Mbale, Uganda, hospitali ya watoto ya CURE, inayojulikana zaidi kwa kutibu vichwa maji, ilishirikiana na Dakta Warren Boling wa Marekani. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu wanaweza kupasuliwa huko huko na kupona.

Funzo ni kwamba kumchagua mgonjwa kunahitaji akili na subira kuliko mashine. Video ya simu inayoonyesha shambulio tangu mwanzo, kichwa kinageukia wapi na mkono upi unaanza, ni msaada mkubwa kwa daktari.

Kabla ya kukata tiketi

Vipimo vya MRI na EEG vinapatikana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Vifanyike huko kwanza, mbele ya daktari wa mishipa ya fahamu. Nakala za picha na rekodi zinaweza kutumwa kwa intaneti hadi India au Guangzhou, daktari akatoa maoni kabla mtoto hajatoka nyumbani. Hapa Guangzhou, Hospitali ya Ubongo ya Sanjiu, wilayani Baiyun, ina kituo cha kifafa kinachofanya upasuaji.

Usimlipe dalali anayeahidi kupona kabla hajaona kipimo hata kimoja. Uliza gharama yote kwa maandishi: vipimo, upasuaji, kulala wodini, mkalimani, na dawa za miaka inayofuata. Mwanafunzi asome masharti ya bima yake, hasa kuhusu ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kuja.

Anayesafiri na dawa aje na cheti cha daktari na dawa katika pakiti yake ya asili. Fenobabitoni inadhibitiwa kisheria nchini China.

Mtu akianguka hapa

Wapita njia wengi wa Kichina watakimbilia kumbana kati ya pua na mdomo. Nia yao ni njema, lakini hakuzuii shambulio. Waombe kwa upole waache. Sogeza marobota na vyuma, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na uangalie saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, piga 120.

Akizinduka atakuwa amechoka na ameona haya. Mwambie jina lako, mwambie yuko wapi, kisha kaa naye mpaka aweze kusimama. Na kama ni mtoto aliyeko nyumbani, simu ya leo jioni iwe ya kuulizia jina la dawa na kipimo chake. Andika majibu. Daktari yeyote utakayemfuata, wa Muhimbili au wa Baiyun, ataanza na karatasi hiyo.