Kopo la Kupuliza: Kutoka Mashamba ya Pareto Hadi Tabaka la Ozoni

Ndani ya kopo la dawa ya mbu kuna gesi iliyoshindiliwa mpaka ikageuka kimiminika. Kidole kikibonyeza, vali hufunguka, gesi hutanuka kwa nguvu na kuisukuma dawa itoke kama ukungu. Marashi ya kwapani, rangi ya magari, dawa ya nywele na hata pampu nyingi za wagonjwa wa pumu hutumia ufundi huo. Viwanda vya dunia hutengeneza makopo zaidi ya bilioni 15 kwa mwaka.

Mhandisi Erik Rotheim wa Norway ndiye aliyebuni kifaa hiki mwishoni mwa miaka ya 1920, ila soko hakulipata. Soko lililetwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia na malaria. Mwaka 1941, Lyle Goodhue na William Sullivan wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walijaza mtungi mzito wa chuma kwa pareto (dawa ya wadudu itokanayo na maua), mafuta ya ufuta na gesi ya Freon. Mamilioni ya mitungi hiyo yalipelekwa kwa askari waliokuwa wakipigana katika nchi zenye mbu.

Pareto yenyewe ilitoka wapi? Kabla ya vita muuzaji mkubwa alikuwa Japani. Japani ilipoishambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, Desemba 1941, mlango huo ukafungwa, na wanunuzi wakaitegemea Kenya. Maua meupe ya Molo na nyanda za juu za Nakuru yakawa silaha, na kwa miongo kadhaa baadaye Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Lakini wanakemia nao walikuwa wakiiga sumu ya ua lile maabarani: allethrin ilipatikana mwaka 1949, na permethrin, isiyoharibiwa upesi na jua, mwaka 1973. Sumu za maabara zikawa rahisi kwa bei, huku malipo ya wakulima wa Kenya yakicheleweshwa, na wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi. Leo kinara ni kisiwa cha Tasmania, Australia, ingawa wakulima wa Iringa na Mbeya nchini Tanzania, na wa Musanze nchini Rwanda, bado wanavuna. Inauma kwamba mkulima alipoteza zao hili huku makopo yakiwa yameingia karibu kila duka.

Yaliingia kwa sababu Mmarekani Robert Abplanalp alibuni mwaka 1949 vali ndogo ya bei nafuu, na mtungi mzito ukapisha kopo jepesi la bati. Gesi ilibaki ya jamii ya Freon, yaani klorofluorokaboni: haiwaki, hainuki, haimdhuru anayeipuliza. Sifa hizo hasa ndizo zilizoleta balaa. Kwa kuwa hakuna kitu huku chini kinachoivunja, hupanda taratibu mpaka juu sana, na huko mwanga mkali wa jua huipasua na kuachia klorini inayoila ozoni, ile ngao inayozuia miale inayosababisha saratani ya ngozi. Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walilitangaza hilo mwaka 1974. Wenye viwanda waliwapinga vikali. Hata hivyo kampuni ya SC Johnson iliacha gesi hiyo mwaka 1975, na mwaka 1978 Marekani ikaipiga marufuku katika makopo mengi. Viwanda havikufa: propani na butani, jamaa za gesi ya kupikia, zilikuwa rahisi zaidi.

Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga la Antaktika walitangaza kuwa ozoni ya huko hupungua vibaya kila majira ya kuchipua. Mostafa Tolba wa Misri, aliyeliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi, alizisukuma serikali mpaka Mkataba wa Montreal ukatiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Nchi zote zimeuridhia, na sekretarieti yake iko Nairobi. Wanasayansi wanatarajia ozoni irejee hali ya mwaka 1980 ifikapo takriban 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na 2066 hivi Antaktika. Ni ushindi mkubwa, na Afrika Mashariki ina haki ya kujivunia sehemu yake.

Kazi bado ipo. HFC-134a, iliyochukua nafasi ya Freon katika pampu za pumu, haili ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dioksidi; mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016 uliamua gesi za aina hiyo zipunguzwe hatua kwa hatua. Nazo propani na butani huchangia ozoni ya huku chini, ile inayochoma mapafu.

Zaidi ya hayo, zinawaka. Kopo linaloonekana tupu bado lina gesi, na likitupwa kwenye taka zinazochomwa uani hulipuka na kurusha vipande vya bati, mara nyingi watoto wakiwa karibu. Kampuni huandika onyo hilo pembeni kwa herufi ndogo, tena mara nyingi kwa Kiingereza. Mamlaka za viwango zingeweza kudai liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.