Lugha ya Kuripoti Hitilafu: Funzo la Debian na OpenSSL

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta huishia kwenye istilahi. Kazi hiyo ni ya lazima, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliionyesha kwa vitendo mwaka 2004 ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, kuna uwanja mwingine wa lugha usiozungumzwa sana, nao ni jinsi watunzaji wa programu huria wanavyoelezana kasoro. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Kwa kuwa mikono inayoishika ni mingi, usalama wake hutegemea maneno kama unavyotegemea msimbo.

Kisa cha Debian na OpenSSL kinadhihirisha jambo hilo. OpenSSL huhifadhi siri ya mawasiliano ya kompyuta kwa kutengeneza funguo za siri kutokana na nambari zisizotabirika. Debian ni mfumo unaokusanya programu za waandishi wengi, nao huzikabidhi kwa watunzaji wake. Mwaka 2006 Debian ilipokea ripoti kwamba chombo cha ukaguzi, Valgrind, kililalamika kuwa OpenSSL ilisoma sehemu za kumbukumbu ambazo hazijaandikwa kitu. Malalamiko hayo yalihusishwa na mistari miwili ya msimbo. Mtunzaji aliuliza katika baraza la barua pepe la OpenSSL kuhusu kuiondoa. Akajibiwa kwamba, ikiwa kufanya hivyo kungesaidia kutafuta makosa, kuiondoa kunafaa. Mistari ikaondolewa.

Kumbe mstari mmoja ndio uliokuwa ukiingiza katika hesabu karibu kila kitu kisichotabirika. Kilichobaki kutofautisha funguo kilikuwa hasa nambari ya mchakato wa kompyuta, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Ufunguo uliodhaniwa kuwa haukisiki ukawa mmoja katika orodha fupi. Luciano Bello aliigundua kasoro hiyo, nayo ikatangazwa tarehe 13 Mei 2008. Funguo zilizotengenezwa katika matoleo yaliyoathirika ya Debian na mifumo iliyotokana nayo, ikiwemo Ubuntu, zikalazimika kubadilishwa.

Hapo ndipo lawama zilipozuka. Upande wa OpenSSL ulisikika ukidai kwamba baraza lile halikuwa mahali pa kuwafikia wasanifu, na kwamba marekebisho yalipaswa kurudishwa kwao. Watetezi wa Debian walijibu kwamba swali liliulizwa hadharani na jibu likapatikana. Kila upande ulikuwa na hoja.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga; lakini swali nalo lina masharti yake. Chukua kauli “mistari iondolewe”. Kitenzi hicho cha kutendwa humficha mtendaji, nacho hakitaji mahali. Je, iondolewe katika nakala ya mkaguzi mmoja kwa muda, au katika nakala ya watumiaji wote daima? Muulizaji alitaja ukaguzi, mjibuji akajibu kuhusu ukaguzi, na badiliko likaenda kwa umma.

Kwa hiyo ripoti nzuri ya hitilafu hubainisha kilichoonekana, kinachokusudiwa kufanywa, nani atakifanya na nani kitamfikia. Kiswahili kina nyenzo zote za kusema hayo. Wanaokifundisha wana wajibu wa kuzifundisha sambamba na istilahi.