Je, Wajua? Dola ya Roma Iliwahi Kupigwa Mnada

Je, wajua kwamba dola ya Roma iliwahi kunadiwa, na aliyepanda dau kubwa akatawazwa siku hiyo hiyo?

Chanzo chake ni mauaji ya kaizari Commodus, tarehe 31 Desemba mwaka 192. Watu wa nyumbani mwake ndio waliomwua: hawara yake Marcia alimtilia sumu, na alipoitapika, wakamtuma mwanamieleka Narcissus akamnyonga.

Akatawazwa Pertinax, mzee aliyewahi kuwa mwalimu, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Alikuta hazina karibu tupu, akauza vitu vya anasa vya Commodus apate kuwalipa walinzi wa kaizari, kisha akataka kuwarudisha kwenye nidhamu. Kwa maoni yangu, Roma ilihitaji mtu wa namna hiyo hasa. Walinzi walimvumilia kwa siku 87 tu. Machi 28 waliingia ikulu, wakamuua na kukitundika kichwa chake kwenye mkuki.

Ndipo mnada ukaanza kambini kwao. Ndani alikuwemo Sulpicianus, baba mkwe wa Pertinax, ambaye sasa alikuwa akibembeleza kiti kwa watu wale wale waliomwua mkwewe. Nje ya lango alisimama seneta tajiri, Didius Julianus. Wajumbe wakawa wanapokezana kati yao: huyu ametaja kiasi hiki, wewe unaongeza ngapi? Sulpicianus alifika sesterti 20,000 kwa kila askari. Julianus akaruka hadi 25,000 kwa mkupuo, akipaza sauti na kuonyesha kiasi kwa vidole. Akafunguliwa lango.

Seneta Cassius Dio, aliyeyashuhudia hayo, anaeleza kwamba yeye na wenzake waliogopa kubaki majumbani wasije wakashukiwa. Basi wakaoga, wakala chakula cha jioni, wakapenya katikati ya askari hadi ukumbi wa Seneti kumpokea bwana mpya.

Wananchi hawakunyamaza. Walimzomea Julianus hadharani na kumwita Pescennius Niger, jemadari wa Syria, aje kuwaokoa. Aliyewahi kufika, hata hivyo, ni Septimius Severus kutoka mpaka wa mto Danube, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Kabla hajaingia mjini, Seneti ilimhukumu Julianus kifo. Alikuwa ametawala siku 66.

Walinzi nao? Severus aliwaita nje ya mji bila silaha, wakadhani wanakuja kula kiapo. Majeshi yake yakawazunguka. Waliomwua Pertinax waliuawa. Waliobaki walivuliwa sare na kupigwa marufuku kukaribia Roma kwa umbali wa maili 100. Nafasi zao zikachukuliwa na askari wake mwenyewe. Vita vya kugombea kiti viliendelea hadi mwaka 197, alipomshinda mpinzani wa mwisho, Clodius Albinus, karibu na Lyon.