Je, Wajua? Kidonge cha uzazi wa mpango kilianzia kwenye kiazi

Ni kiazi kikuu cha porini, kutoka Veracruz, Meksiko. Mwaka 1943 mkemia Mmarekani Russell Marker alikitumia kutengeneza takriban kilo 3 za projesteroni, homoni iliyokuwa ghali kuliko dhahabu. Mwaka 1951, Luis Miramontes, mkemia Mmeksiko wa miaka 26, akaunda noretisteroni, homoni iliyotumika katika vidonge vya mwanzo vya uzazi wa mpango.

Kula kiazi chenyewe hakuzuii mimba. Kiambato chake hugeuzwa homoni maabarani, si tumboni.

Na ukiacha vidonge hivyo, yai laweza kupevuka ndani ya wiki chache. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu haina haraka hiyo: nusu ya wanaotafuta mtoto hushika mimba ndani ya takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Homoni huisha zenyewe mwilini, bila mizizi ya “kusafisha kizazi”.