Kopo la kupimia limefika darasani

Wamama wapendwa, wengi wenu mmetuuliza kwa nini watoto wa sekondari wanarudi nyumbani na maswali juu ya makopo ya kupimia. Ni kweli, ni sisi walimu tuliowatuma. Katika saa za elimu ya uraia tumeanza kufundisha mambo ya soko: bei inatoka wapi, mnunuzi ana haki gani, na mchuruzi ana deni gani kwa mtu anayemwachia makuta yake.

Tulianza na jambo linalowakasirisha vijana wote, yaani bei kupanda. Kwa kijana wa miaka 15, kila anayeuza ghali ni mwizi. Hapo tunamsimamisha. Viazi, maharagi na fromaji za Masisi zinateremka. Mafuta ya mawese na mihogo ya Walikale inapanda. Katikati kuna barabara ya matope, chukudu, wabeba mizigo, vizuizi ambako kila mtu anadai kitu, na mafuta yanayomwagika njiani. Tunawaambia waandike kila gharama kwenye daftari, mstari kwa mstari, mpaka wafike kwenye bei ya sokoni. Mara nyingi wanakuta kwamba mama anayeuza anabaki na kidogo sana. Hata sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2018 juu ya uhuru wa bei inamruhusu mchuruzi kupanga bei yake, isipokuwa kwa vitu vichache kama petroli, maji na umeme. Kuuza ghali si wizi.

Walikale ina mfano mkubwa zaidi. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini, na marufuku hiyo ikaondolewa Machi 2011. Wanafunzi wetu wengi walikuwa hawajazaliwa au walikuwa bado mgongoni, lakini wazazi wao wanakumbuka. Ndege ndogo zilizotua juu ya lami pale Kilambo zilileta vitu vya dukani, kisha zikarudi Goma na kasiterite ya Bisie. Madini yaliposimama, ndege zikakosa mzigo wa kurudi nao. Vitu vikaadimika, bei ikapanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika sururu. Vijana wanaelewa mara moja kwamba bei ya sukari inaweza kutegemea shimo lililo mbali msituni.

Kopo ni jambo lingine. Bei inasemwa mbele ya mnunuzi, naye anaweza kuikataa akaenda meza ya pili. Kopo lililogongwa kitako kikaingia ndani halisemi kitu. Darasani tunatumia ndoo na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kila mwanafunzi analeta kopo kutoka nyumbani au kwa jirani, tunajaza maji, tunapima. Makopo ya kiwanda kimoja, yenye maandishi yaleyale, hayachukui maji sawa. Watoto wanacheka, halafu wananyamaza, maana wanajua kopo lile ni la nani.

Hapo kazi inakuwa ngumu, na hatutaki kuificha katika jarida la wamama. Msichana mmoja alituuliza: "Mwalimu, kama kopo hili ndilo linalolipa minervali yangu, nifanye nini?" Tulimwambia alirudishe nyumbani bila kumshitaki mtu, aseme tu lilichukua maji kiasi gani. Mama yake alikuja shuleni mwenyewe na kutueleza upande ambao daftari halikuonyesha. Yeye pia ananunua kwa gunia, na gunia hilo limepunguzwa kabla ya kumfikia. Akipima kwa kopo zima, gunia linaisha kabla hajarudisha makuta yake. Kwa hiyo udanganyifu unateremka mkono kwa mkono, na wa mwisho kuulipa ni yule anayenunua kopo moja la maharagi ya jioni. Sisi tunaona afadhali kuongeza franka kwenye bei mbele ya watu kuliko kugonga kopo, lakini mama mmoja peke yake hawezi kuanza. Meza ya jirani itamchukulia wanunuzi. Lazima meza za mstari mzima zikubaliane siku moja.

Kukagua vipimo na ubora wa bidhaa ni kazi ya OCC, ofisi ya serikali iliyoundwa mwaka 1974. Vita na barabara haziruhusu ukaguzi kufika kila soko, basi vijana wanajifunza kutazama wenyewe. Kwa dawa hatuna upole tulio nao kwa makopo. Vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja bila karatasi yake, mtoto asinunue. Anayejua kusoma amsomee bibi yake tarehe iliyo kwenye boksi kabla makuta hayajatoka mfukoni.

Wakubwa nao wana wajibu wao. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaidai kampuni inayochimba itenge angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaoizunguka, na 15 kwa mia ya ada ya madini iende kwa eneo yanakotoka. Vijana wa Walikale wanaipenda hesabu hii kuliko zote. Wanauliza pesa hizo zimejenga nini, na tunawafundisha kuuliza kwa maandishi, kwa adabu, wakiwa na tarehe na nakala.

Wiki ijayo watawauliza nyumbani gharama za bidoni moja ya mafuta ya mawese ya lita 20, tangu yanakokamuliwa mpaka mezani. Tafadhali wajibuni kwa hesabu kamili, pamoja na kile mlichotoa kwenye vizuizi. Majina ya waliopokea si lazima.